Rangi ya Wino katika Picha za Miswada

Ukurasa mmoja wa mswada wa kale, ukipigwa picha kwa kamera ya Canon na ya Nikon katika mwanga ule ule, waweza kutoa wino mwekundu wa namna mbili. Kwa nini? Kihisi cha kamera hakitambui rangi. Hupima wingi wa nuru tu. Juu yake huwekwa vichujio vidogo, mara nyingi kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Rangi kamili ya kila nukta hukisiwa kwa hesabu, na kila kampuni ina vichujio vyake na hesabu yake.

Faili ghafi, kama CR3 ya Canon au NEF ya Nikon, huhifadhi vipimo kabla ya hesabu hiyo. JPEG huhifadhi tafsiri yake. Ni kama sauti iliyonaswa na maandishi yake: waandishi wawili huweza kuiandika mbalimbali.

Basi atakayejenga hoja juu ya rangi ya wino na ahifadhi faili ghafi, tena apige kadi ya rangi pamoja na ukurasa. La sivyo, atasoma mkono wa mtengeneza kamera, si wa mwandishi.