Kabla ya kufyeka kiwanja

Jumuiya nyingi zikipata ardhi ya kujenga shule au zahanati hufyeka kila kitu, kisha hununua miche ya kivuli. Tunashauri mpange kwanza.

• Tembeeni kiwanjani na wazee wanaojua miti ya dawa na matunda. Choreni ramani ya miti, vichaka na mikondo ya maji.

• Gaweni ardhi: sehemu ya kujenga, ya kuacha na ya kurudisha uoto. Nchini Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

• Zungushieni uzio miti inayobaki, hadi matawi yanapoishia, kabla mafundi hawajafika. Malori hugandamiza udongo, mizizi ikakosa hewa, na mti huweza kufa miaka kadhaa baadaye.

• Msing'oe visiki hai. Mkoani Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili za Wasukuma. Penye ulinzi dhidi ya mifugo na moto, miti ya asili ilirudi.

• Chagueni watakaosimamia mpango huu. Bila wasimamizi, ramani itabaki kabatini.

Mti mkubwa hukatwa kwa saa moja. Watakaoungoja mwingine ni wajukuu wetu.