Bastola Mezani, Dhamana kwa Nani?

Hapa Rohero tumezoea maonyesho ya picha: mgeni hutazama, husifu, akaenda zake. Lakini ng'ambo wako wanafunzi wa sanaa waandaao maonyesho ya namna nyingine, ambamo mgeni hushirikishwa kwa makusudi mpaka atahayari.

Mfano mashuhuri ni wa mwaka 1974, mjini Napoli, Italia. Msanii kijana wa Yugoslavia, Marina Abramović, alisimama kimya kwa saa 6, kando ya meza yenye vitu 72: ua, wembe, hata bastola na risasi. Tangazo liliwaruhusu wageni kumtendea wapendavyo. Dhamana yote ni yake. Mwanzoni walimpa ua. Baadaye walimchania nguo, wakamkata ngozi, na bastola ikaelekezwa shingoni mwake. Wengine wakaiondoa. Saa zilipotimia akawaendea, wakakimbia.

Sisi tuchukuao silaha tusiwacheke. Waliokata na waliozuia walisoma tangazo lile lile. Askari naye huweza kuambiwa kwamba dhamana ni ya mwingine. Wanafunzi wa Rohero wakituandalia onyesho kama hilo, twende tukiwa na sare zetu. Heri kutahayari ukumbini kuliko barabarani, mbele ya raia aliyelala chini.