Kiti cha Mtemi

Msafiri atokaye Bariadi kwenda Mwanza hupita Lamadi na Magu, kisha hufika Kisesa. Karibu na hapo ndipo Bujora, mahali ambapo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya vyombo vya kale vya Wasukuma. Nyumba moja ya makumbusho hayo imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimewekwa ngoma za utemi.

Zamani mtemi alikuwa mtawala, tena mwamuzi: mtu aliyedai ng'ombe wake alipeleka shauri kwake pamoja na mashahidi. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya watemi katika Tanganyika. Viti na ngoma vikabaki bila kazi, na mti usiotunzwa huliwa upesi na mchwa. Vilivyofika Bujora viliponea hapo.