MLINZI SI KIFUA NA BASTOLA

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa, akishaipita Doma, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kwa mwendo wa kilomita 50 hivi barabara kuu ya Zambia huipasua hifadhi hiyo, na abiria wa basi huwaona twiga na tembo kwa nauli yake ya kawaida. Baada ya hifadhi hufuata mji mdogo wa Mikumi, ulio katika Wilaya ya Kilosa. Hapo Mikumi, kama ilivyo Kilosa mjini, vijana wamalizao shule hutafuta kazi, na wasio wachache huitamani kazi ya ulinzi. Mmoja angependa kumlinda kiongozi, mwingine tajiri wa Dar es Salaam, na mwingine huridhika na lango la benki.

Hapana ubaya katika kutamani kazi hiyo. Ubaya umo katika picha aliyo nayo kijana kichwani: pande la mtu mwenye miwani myeusi, kifua mbele na bastola kiunoni. Picha hiyo ni ya sinema. Anayetaka kujua mlinzi wa mtu ni nani hasa, na amtazame askari wa hifadhi awaongozapo wageni kwa miguu katika pori la Mikumi.

MACHO KABLA YA BUNDUKI

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, nayo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Mgeni atakaye kutembea kwa miguu humo haruhusiwi kwenda bila ya askari mwenye silaha. Askari huyo hutangulia, na wageni humfuata mmoja nyuma ya mwingine, kimya. Kabla ya kuondoka huwaeleza ishara za mkono na nini cha kufanya likitokea jambo. Njiani huangalia upepo unakoelekea, kwani nyati hunusa kabla ya kuona. Husoma nyayo na kinyesi ili ajue nani amepita, na lini. Hawapitishi watu baina ya kiboko na maji, wala baina ya tembo na mtoto wake. Akitokea simba, amri ya kwanza ni kwamba mtu asikimbie. Bunduki anayo, lakini matembezi mema ni yale ambayo bunduki haikulia.

Mlinzi wa mjini hufanya yayo hayo mahali pengine. Huipima njia kabla ya safari, huijua milango ya nyumba kabla ya mkutano, na huitazama mikono ya watu zaidi ya nyuso zao. Hatari ikizuka, wajibu wake si kupigana hata ashinde, bali ni kumwondoa mtu wake hapo upesi.

Dunia ilipata mfano mkubwa tarehe 30 Machi 1981, Rais Ronald Reagan wa Marekani alipopigwa risasi mjini Washington. Mlinzi Tim McCarthy alijitanua mbele ya risasi, akajeruhiwa tumboni. Mwenzake, Jerry Parr, alimsukuma Rais ndani ya gari, nalo likaondoka. Njiani Parr aliona damu kinywani mwa Rais, akaamuru gari lielekee hospitali badala ya Ikulu. Uamuzi huo wa dakika chache ulisaidia kuokoa maisha. Haukutoka katika misuli; ulitoka katika mafunzo na akili iliyotulia.

WAPI PA KUANZIA

Ulinzi wa viongozi wa Taifa ni kazi ya vyombo vya dola, na kijana haingii huko kwa kujinadi mitaani. Kwa walio wengi, mlango wa kwanza ni Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, au mafunzo ya mgambo. Shirika la uzalishaji mali la JKT, SUMA JKT, lina kampuni yake ya ulinzi iajiriyo vijana waliopitia jeshi hilo. Kampuni za watu binafsi nazo huajiri.

Ambaye moyo wake uko porini ana Chuo cha Pasiansi, Mwanza, kinachofundisha uhifadhi wa wanyamapori na utekelezaji wa sheria. Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963, hufundisha usimamizi wa wanyamapori. Lakini mzazi asidhani kwamba porini ni kupunga upepo. Hesabu za tembo wa Tanzania zilishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na waliofanya hivyo walikuwa majangili wenye silaha. Mwenye kumlinda tembo husimama mbele ya bunduki hizo.

Popote aendako, kijana ajifunze huduma ya kwanza, udereva wa makini, lugha ya wageni, na kufunga mdomo. Mlinzi huyasikia mengi ya nyumba ya watu. Akiyatoa sokoni, amekwisha kumsaliti bwana wake.

SHERIA NA MKATABA

Ajifunze pia sheria. Kilosa inayo sababu ya kulikumbuka hilo: mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Penye chuki ya namna hiyo, kijana mwenye silaha asiyejua mpaka wa madaraka yake huweza kuwa kibiriti katika nyasi kavu. Sare haimpi mtu ruhusa ya kupiga, na bunduki ina sheria yake, ile ya mwaka 2015 ya Udhibiti wa Silaha na Risasi.

Mwisho, familia iutazame mkataba. Walinzi wengi hukesha kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi kwa mshahara mdogo, na wengine hawajui haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zina malipo yake, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa si chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Aumiaye kazini anao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Basi mzazi, mwanao akikuambia kwamba anataka kuwa mlinzi, usimcheke wala usimpime kifua. Muulize ni chuo gani, ni mwajiri gani, na karatasi ya mkataba iko wapi. Atakayelinda uhai wa wengine anastahili kuanza kazi huku haki zake zikiwa zimelindwa.