Vijana wa Rungwe na Madaraka: Kutoka Vijiji vya Rika hadi TEHAMA (Sehemu ya Nne)

Novemba 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza baraza lake jipya la mawaziri, Joel Nanauka alikabidhiwa maendeleo ya vijana chini ya Ofisi ya Rais. Tangu hapo, kila panapozungumzwa vijana, husikika mambo mawili: teknolojia na uongozi. Wasomaji waliokwishapitia habari za Langenburg Mpya, kama Wajerumani walivyoiita Tukuyu, na za Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 hawatashangaa sehemu hii ikirudi Tukuyu. Ni wilaya chache zenye kumbukumbu iliyoandikwa kwa kina kiasi hiki kuhusu namna wazee walivyowaachia vijana nafasi.

Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa wa Rungwe, kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu chake Good Company. Walikuta jambo la nadra sana duniani: kijiji hakikujengwa kwa ukoo, kilijengwa kwa rika. Mtoto wa kiume alianza kwa kuchunga ng'ombe wa baba yake. Akifika miaka 10 au 11, aliacha kulala kwa wazazi, akaenda na wenzake kujenga vibanda pembezoni mwa kijiji. Vya mwanzo vilikuwa kazi ya kitoto. Kadiri walivyokua, vibanda vikawa nyumba za kweli, na baadaye wake wakaletwa humo. Chakula walikifuata kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mashamba waliyolima yalikuwa bado ya baba zao.

Ndipo ikaja ubusoka. Takriban kila baada ya miaka 30 kizazi kizima kilikabidhi madaraka kwa kizazi kilichofuata. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, ukapekechwa mwingine mpya. Wazee walisogea kupisha ardhi, na vijiji vya vijana vikapata wakuu wao, mafumu, waliochaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida. Fumu hakurithi cheo cha baba yake. Alitazamwa tangu ujana: anasemaje na wenzake, anaamuaje ugomvi, anagawaje chakula. Kufikia siku ya kukabidhiwa, alikuwa ameshaishi na watu wake kwa miaka mingi, akiwajua mmoja mmoja.

Hilo ndilo semina nyingi za uongozi wa vijana zinalolikosa. Kijana huitwa ukumbini siku mbili, hupewa fulana na cheti, kisha hurudi kijijini ambako mkutano haumpi hata nafasi ya kuandika muhtasari. Wazee wa Rungwe walianza na mahali: kijiji, mashamba, jirani wa kuamuliwa. Mafunzo yalikuja kwa kuishi humo. Waliokabidhi walikuwa hai, wenye nguvu ya kukataa, na bado walikabidhi. Ni uungwana ambao viongozi wa leo, kuanzia vyama vya msingi vya ushirika hadi vyama vya siasa, wanapaswa kuona haya kwa kuukosa.

Mpango ule ulikuwa na dosari moja kubwa. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Waliolewa mapema na kuingia katika kijiji cha rika la waume zao. Anayetaka kuufufua moyo wa ubusoka leo hana ruhusa ya kuwaacha nje tena.

Kwa upande wa teknolojia, Rungwe haina sababu ya kujiona mgeni. Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, wakati Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi ikiongozwa na Profesa Mark Mwandosya, mhandisi wa umeme na mbunge wa Rungwe Mashariki. Jijini Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986. Tangu Januari 2024, mtaala mpya umefungua mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza.

Kazi ya kufanyia mazoezi nayo ipo mlangoni. Mkulima mdogo wa chai hubeba jani bichi hadi kituo cha kununulia, karani hutazama mizani, huandika kilo, na malipo husubiri hesabu za mwisho wa mwezi. Kwenye maziwa, laktomita huzamishwa kwanza ndipo lita ziandikwe. Kijana aliyefundishwa kutengeneza programu ndogo ya simu anaweza kumfanya mama aliyeleta jani asubuhi aone kilo zake kwenye ujumbe kabla hajafika nyumbani. Mizozo mingi ya mizani ingekwisha. Lakini programu hiyo ni bure iwapo aliyeitengeneza haruhusiwi kuona daftari la chama cha wakulima wala kusema lolote mbele ya bodi.

Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania ilipitishwa mwaka 2015. Wizara mpya ya vijana ianzie hapo, na vyama vya chai, maziwa na parachichi vya Rungwe visisubiri Dodoma: viti viwili vya bodi kwa walio chini ya miaka 30, kimoja cha msichana, vyenye kura kamili. Sehemu ya tano itaingia kwenye masharti ya vyama hivyo na kuonyesha palipo na mwanya wa kuyabadili.