KENYA: MWIZI ASIYEVUNJA MLANGO

Nchini Kenya, tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha za wafanyakazi wengi hukaa katika simu. Wezi nao wamezifuata huko huko.

Ujumbe unaingia: umepokea shilingi 3,000. Punde simu inalia. Mtu anasihi kwa unyonge: amekosea namba, fedha hizo ni za matibabu ya mtoto, zirudishwe upesi. Mfanyakazi anazituma. Jioni anagundua kwamba ujumbe ule ulikuwa wa uongo, na alichotuma ni jasho lake mwenyewe.

Tapeli huyu hakuvunja kufuli. Alitumia huruma yetu, akatunyima nafasi ya kufikiri. Mwingine hujifanya ofisa wa kampuni, akatisha kwamba laini itafungwa tusipomtajia namba ya siri. Sisi tuliozoeshwa kutii sauti ya mkubwa hunaswa upesi.

Ndugu wafanyakazi, tusikubali kuharakishwa. Tukate simu, tutazame salio wenyewe. Aliyekosea kweli ataiomba kampuni imrudishie. Namba ya siri haambiwi mtu yeyote. Na aliyetapeliwa asione haya kuwaeleza wenzake: akinyamaza, kesho atalizwa mwingine.