Kabla ya Kuomba Mvua

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo Kaskazini Mashariki mwa Kenya bila mvua ya kutosha. Gu, mvua ya masika, ikakosa; Deyr, ya vuli, ikakosa. Kwa familia ya wafugaji wa Garissa, Wajir au Mandera, mifugo ni maziwa ya watoto, karo ya shule, mahari na akiba ya maradhi. Mizoga inapoanza kuonekana malishoni, hofu huwa imeshaingia nyumbani: baba yuko mbali kwa miezi akichunga kundi, mama anakopa unga na sukari dukani, mtoto wa kidato cha pili amerudishwa nyumbani kwa karo.

Nyakati kama hizo imamu hutangaza swala ya kuomba mvua, istisqaa, ambayo Wasomali huiita roobdoon. Watu wengi huijua kwa kile wanachokiona: rakaa mbili uwanjani, hotuba, dua ndefu. Yanayotakiwa kabla ya siku hiyo hayazungumzwi sana, na kwangu mimi ndiyo yenye faraja kubwa zaidi.

Katika madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku na wa pwani, imamu kwanza huwaamrisha watu wafunge siku tatu, watubu, watoe sadaka, wapatane na warudishe haki walizodhulumiana. Siku ya nne hutoka wakiwa na saumu, kwa nguo za kawaida na unyenyekevu. Wazee na watoto huletwa pia, na hata wanyama.

Haki hizo haziko mbali. Kaka ameuza ngamia wa urithi na dada yake hajapewa fungu lake. Mchungaji wa kuajiriwa hajalipwa tangu kiangazi kianze. Mke anadai mahari aliyoahidiwa mbele ya mashahidi, naye huona haya kuitaja kwa kuwa mumewe ana shida. Baadhi ya mambo haya hufika Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua kwa ndoa, talaka na mirathi. Mengi hubaki ndani, yakila watu kimyakimya. Kwa upande mwingine, Kurani inamwamuru anayedai ampe muda mdaiwa aliyebanwa, na inasema kusamehe deni ni bora zaidi. Kwa hiyo mwenye duka naye ana sehemu yake katika swala ya mvua.

Ninasisitiza hili kwa sababu nimesikia mawaidha yanayomwambia mzazi aliyechoka asubiri tu, Mungu yupo, kisha yanaishia hapo. Mungu yupo, ndiyo. Lakini mama yule anarudi nyumbani na sufuria ileile tupu, akidhani wasiwasi wake ni upungufu wa imani. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, haimwachi hivyo. Inawaambia jirani, shemeji na mdai wake kwamba dua yao ya mvua inapitia kwake.

Kuhusu toba, inasimuliwa kuwa Hasan al-Basri, mwanachuoni wa Basra aliyefariki 728, alijiwa na mmoja akilalamikia ukame, mwingine ufukara, mwingine kukosa mtoto. Wote aliwajibu jibu moja: ombeni maghufira. Alipoulizwa sababu, akataja Sura ya Nuhu, ambamo toba, mvua, mali na watoto vinatajwa pamoja.

Siku ya swala yenyewe, katika hotuba ya pili, imamu huelekea kibla na kugeuza shuka lake, upande wa kulia ukaja kushoto, kama ilivyopokewa kwa Mtume. Waumini nao hugeuza yao. Wanazuoni wameeleza kuwa ni kutaraji hali igeuke. Hakuna wingu bado, na jua linachoma.

Kutaraji huko hakumzuii mtu kujipanga. Mtume, katika hadithi ijulikanayo sana, alimwambia mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Mwaka 2013 huko Wajir, kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianzisha bima ya mifugo inayofuata sharia, pamoja na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Wafugaji huchangia, setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa wanalipwa bila mtu kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitoka 2014. Hayarudishi kundi zima, ila yanaweza kununua chakula cha mbuzi waliobaki. Sioni mgongano wowote kati ya mkono uliolipa mchango huo na mkono ulioinuliwa uwanjani.

Mwishoni mwa 2023 mvua ilikuja kwa wingi mno. Mto Tana ukafurika na familia za Garissa zikahama nyumba zao. Mlango huohuo wa fiqhi, ule wa swala ya mvua, unayo dua ya hali hiyo pia, ya kuomba mvua ielekezwe vilimani na mabondeni, ingawa dua hiyo haina swala maalumu. Deni lililoahirishwa wakati wa ukame lilihitaji kuahirishwa tena.